Mashine ya gemu ya zamani imelowa maji chini? Usikimbilie fila

Nina Ms. Pac-Man ya 1982, ile mashine ya gemu ya kutumbukiza sarafu. Niliinunua huku Marekani kwa jamaa aliyekuwa ameiweka beizimenti, na beizimenti ikaja kuingia maji. Skrini inawaka, bodi inapiga kazi, ila kwa chini kama sentimita kumi kutoka sakafuni ubao ulikuwa umevimba kama andazi lililochovywa kwenye chai.

Kwanza jua una ubao gani. Mashine nyingi za miaka ile mbavu zake ni chipbodi, zingine plaiwudi. Plaiwudi ikilowa matabaka yanaachana, hiyo unapenyeza gundi katikati unabana na inarudi. Chipbodi ni vipande vya mbao vilivyobanwa na gundi, sasa ikishavimba hairudi hata uianike mwaka mzima maana gundi yenyewe imeshaachia. Hapo ndo wengi wanachemka, wanapaka fila (ile lojo ya kuziba mashimo) juu ya uvimbe wanapiga msasa na rangi, inapendeza kweli, baada ya muda fila inabanduka na inaondoka na kipande cha ubao.

Chomoa umeme, piga picha kila plagi, toa vitu vya ndani. Skrini yake ni kama ya TV ya chogo, inatunza umeme wa maelfu ya volti hata ukichomoa waya ukutani, kwa hiyo kama hujawahi kuutoa ule umeme usijaribu peke yako, tafuta fundi wa TV za chogo, hapa sitanii.

Halafu inyanyue juu ya vipande vya mbao uipulizie feni wiki mbili au tatu. Hita usisogeze karibu, ubao unapinda. Ikishakauka bonyeza na ncha ya bisbisi kila sehemu: ikigoma ubao ni mzima, ikizama hapo pameoza.

Sehemu iliyovimba kidogo tu inaokoleka. Toboa vitundu vya mm 3 kwa ndani, kila baada ya sentimita mbili au tatu, piga epoksi nyepesi (gundi ya maji mawili ya kuchanganya) kwa bomba la sindano mpaka ubao ukatae kunywa, alafu bana na klampu katikati ya mbao mbili zilizonyooka ulizozifunga nailoni (mi nilisahau nailoni upande mmoja, nikaja kubandua na patasi huku natukana). Acha siku nzima.

Iliyooza kata, usiionee huruma. Chora mstari ulionyooka sentimita tatu juu ya ulipoishia uozo, funga rula ya chuma iongoze msumeno, na ukate ubavu mmoja kwanza uumalize ndo uende wa pili, la sivyo mashine nzima inakosa pa kusimamia. Kipande kipya weka plaiwudi ya unene uleule, na unene pima ubaoni kwako usibahatishe, kuna za kama mm 16 na kuna za mm 19. Unga kwa gundi ya mbao, kwa ndani pigilia ubao wa kushikiza unaovuka kiungo, gundi na skrubu fupi zisije zikatokea nje.

Sasa ndo fila, ile ya magari yenye hadena, yaani dawa ya kuigandisha. Koroga kidogo kidogo, inaganda ndani ya dakika chache, mi nilijaza kikombe kikanigandia mkononi. Msasa anza na namba 80, nenda 120, malizia 220. Ule utepe wa plastiki wa ukingoni unaingia kwenye mfereji mwembamba katikati ya unene wa ubao, uchimbe kwa ruta (mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao) ila jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, ukikosea mm moja utepe unakaa upande.

Rangi piga praima ya mafuta kwanza. Ukienda duka la rangi wakusomee rangi kwa mashine usipeleke sampuli ya ndani ambako jua halijafika, peleka ya ubavuni iliyopauka, maana unapaka chini tu na, kwa mashine ya bluu kama yangu, bluu mpya kabisa itaonekana kama kiraka cha suruali.

Ukingo wa chini kabisa uupake epoksi mara mbili, ndo uliokunywa maji yote yale, halafu weka miguu ya skrubu inyanyuke sentimita mbili tatu. Yangu iko sebuleni, na anayedeki kaambiwa akifika hapo aache mopu achukue kitambaa kikavu.