Bogenvilia Isiyochanua: Punguza Maji, Shika Mkasi

Mvua ya masika ikianza kupungua hapa Kisumu, mwezi wa Juni hivi, malalamiko huwa ni yaleyale. Bogenvilia imepanda mpaka juu ya mabati, majani yanang'aa kwa ukijani, maua hakuna. Ile ya jirani, iliyoota kwenye kokoto karibu na lango na ambayo hakuna anayekumbuka kuimwagilia, imejaa zambarau tangu shina hadi ncha. Mwenye mmea anakwenda dukani kuuliza mbolea ya maua, anauziwa kilo mbili za CAN, mbolea ya naitrojeni, kisha anaongeza na ndoo ya maji kila jioni. Hapo ndipo anapouharibu kabisa.

Bogenvilia haikosi maua kwa sababu ya njaa. Mara nyingi huyakosa kwa sababu ya shibe.

Mmea huu ni wa Amerika Kusini. Wafaransa wa msafara wa baharia Bougainville, ambaye mmea una jina lake, waliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767, na kutoka huko umesambazwa karibu kila nchi yenye joto. Umezoea kuvumilia miezi ya ukame na kuchanua mvua inapokuwa mbali. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, kufupika kwa mchana nako huuamsha utoe maua. Sisi hatuna msaada huo. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka mjini, na mchana wetu ni wa takriban saa kumi na mbili Januari hadi Desemba. Mambo yanayobaki mikononi mwako ni matatu: jua, maji na mkasi. Mbolea inafuata kwa mbali.

Nieleze jambo moja kabla hatujaendelea, maana linasaidia kujua unatazama nini. Sehemu yenye rangi si ua. Ni majani matatu membamba kama karatasi yaliyobadilika rangi, na maua yenyewe ni vile vijineli vidogo vyeupe au vya krimu vilivyo katikati yake, kwa kawaida vitatu pia. Ndiyo maana rangi ya bogenvilia hudumu wiki nyingi ilhali ua la waridi limeshapukutika: jani halina haraka ya kunyauka.

Mahali na udongo

Jua kwanza. Mmea unahitaji angalau saa sita za jua kali kwa siku. Chini ya mwembe au upande wa nyumba usiopigwa na jua, hakuna ufundi utakaouokoa. Utarefuka ukitafuta mwanga na kukupa miiba. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri, ule ambao mimea mingine inauogopa kwa joto, ndio mahali pake.

Kuhusu udongo, Kisumu ina sura mbili. Walio kwenye miteremko ya Riat wana mawe na changarawe, maji hayatuami, nao hawana shida kubwa. Wachimbe tu shimo la kutosha, wachanganye samadi iliyooza, wapande. Kazi iko kwa wenzetu wa nyanda za Kano, kuanzia vitongoji vya mashariki mwa mji kuelekea Ahero, kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka nyufa za kuingia kidole ukikauka. Kosa linalofanyika sana huko ni kuchimba shimo kubwa, refu, na kulijaza samadi na udongo laini. Nia ni njema, lakini umechimba tangi. Maji yote ya mvua yanakimbilia kwenye shimo hilo, yanakosa pa kutokea, na mizizi ya bogenvilia, ambayo ni myembamba na haipendi kukosa hewa, inaoza. Mmea haufi mara moja. Unaanza kupukutisha majani ya chini, unadumaa, na mwenyewe anadhani unahitaji maji.

Kwenye udongo huo usiende chini, nenda juu. Lainisha ardhi kwa jembe, kisha inua tuta la duara lenye kimo cha sentimita 30 hadi 45 na upana wa mita moja, upande juu yake. Mchanganyiko mzuri unapatikana hapahapa: ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya mchanga wa mto, ndoo moja ya makapi ya mpunga kutoka kwenye vinu vya Ahero, na nusu ndoo ya samadi iliyooza mpaka haina harufu. Makapi yanaulegeza udongo na yanachukua muda kuoza. Utaona punje zilizosalia zikiota mpunga kwenye tuta lako; zing'oe tu. Mboji ya gugu maji nayo inafaa ikiwa imeiva kabisa, bila kipande chochote kibichi. (Gugu hilo nalo limetoka Amerika Kusini, na watu walilibeba huku na huko duniani kwa uzuri wa ua lake. Bogenvilia angalau inakaa pale ulipoipanda.)

Siku ya kupanda, usiupige mche chini ili uache kiriba. Usiikung'ute mizizi. Mizizi yake hukatika kirahisi, na mche uliovunjwa fundo la udongo unaweza kunywea hata mvua ikinyesha. Pasua kiriba kwa wembe ubavuni, uteremshe mche pamoja na udongo wake, ufukie taratibu. Zungushia miiba au wavu mpaka ukomae. Mbuzi wanayapenda machipukizi laini.

Upande mbali kidogo na njia, na nyaya za umeme, na mtaro wa paa. Yale majani ya rangi yakikauka yanapeperuka na kuziba mitaro, na kama unavuna maji ya mvua utayakuta tangini.

Maji

Kwa miezi miwili mitatu ya mwanzo, mwagilia mara mbili kwa wiki kama hakuna mvua, kwa wingi, maji yashuke chini. Mmea ukishashika, acha. Narudia kwa sababu hili ndilo linalokataliwa na watu: bogenvilia iliyokomaa ardhini, Kisumu, haihitaji kumwagiliwa isipokuwa kiangazi kikiwa kirefu kweli na majani yameanza kukunjamana. Hata Januari na Februari huwa tunapata mvua ya radi ya alasiri, moja hapa na moja pale. Inatosha.

Iliyo kwenye chungu au ndoo ni habari nyingine kwa kuwa haina pa kutafuta maji. Lakini hata hiyo, subiri. Ingiza kidole, udongo wa juu ukiwa mkavu sentimita tano hivi na ncha za matawi zimelegea kidogo, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudi tena hadi ikauke vilevile. Chungu kiwe na matundu ya kutosha na kiinuliwe juu ya mawe matatu madogo. Wala usikimbilie kuhamishia kwenye chombo kikubwa. Mizizi iliyobanana kidogo huleta maua. Ukiipa nafasi kubwa, mmea unashughulika na kujaza chombo kwanza.

Mkasi

Hapa ndipo penye siri kubwa, na ndipo wengi wanapoogopa. Bogenvilia huchanua kwenye matawi machanga, hasa karibu na ncha. Tawi la mwaka juzi lililorefuka mita nne halina jipya la kukupa. Ukilikata, chini ya mkato yanatoka machipukizi mawili, wakati mwingine matatu, na kila moja ni mahali pa maua. Kwa hiyo mmea unaokatwa ndio unaochanua, na ule unaoonewa huruma unabaki kamba ndefu yenye maua machache juu ya paa, yanayofurahiwa na ndege.

Rangi ikishaanza kupukutika, punguza matawi yote kwa theluthi moja. Yale marefu, manene, yaliyochomoka wima kutoka chini yakiwa na miiba mikubwa na hayana maua, yakate karibu na shina bila kusita. Yanakula chakula cha wengine. Machipukizi mapya yakifika urefu wa kiganja, chuna ncha zake kwa kidole mara moja. Ukiona vitumba vya rangi, weka mkasi chini. Fundi anayepita na mkasi wa uzio kila Jumamosi ili uzio uwe mnyoofu ndiye anayekata vitumba vyote kabla havijafunguka, na wengi wanaolalamika mtaani wana fundi wa namna hiyo.

Kutoka mkato hadi maua ni wiki sita hadi nane kwa kawaida. Fanya hesabu. Anayetaka boma lake liwe na rangi watu wanapokuja nyumbani kwa Krismasi akate mwishoni mwa Oktoba. Mvua ya vuli itachokoza majani, hivyo wakati huo usitie mbolea ya ziada, na vyombo visogeze mahali pa jua tupu.

Tumia mkasi wa kupogolea wenye makali, uufute kwa spiriti unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine. Panga linapasua tawi, na palipopasuka panaoza. Vaa glavu za ngozi na ulinde macho. Kwa watu wengine utomvu wake na mikwaruzo ya miiba huleta muwasho, basi nawa mikono ukimaliza, na matawi uliyokata usiyaache njiani penye watoto na magurudumu ya baiskeli.

Mbolea kidogo, na macho mengi

CAN na yurea zina naitrojeni, na naitrojeni ni majani. Ukipata samadi iliyooza debe moja kwa mwaka kwa mmea wa ardhini, umemaliza. Kwa ya chunguni, kijiko cha chai cha NPK 17:17:17 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa) baada ya kupogoa, kikichanganywa na udongo wa juu mbali na shina, kinatosha mpaka mkato unaofuata.

Majani mapya yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, mmea unakosa madini ya chuma, jambo la kawaida kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Rekebisha njia ya maji kwanza, halafu ndipo utafute mbolea ya majani yenye chuma. Majani ya chini yakigeuka manjano na kuanguka, ni maji mengi. Madoadoa ya kahawia mwezi wa Aprili na Mei yanaletwa na vimelea vinavyorushwa na matone. Okota majani yaliyoanguka, pogoa katikati hewa ipite, na usimwagilie juu ya majani.

Wadudu hawasumbui sana. Vidukari na vidung'ata vioshe kwa maji ya nguvu, kisha maji yenye sabuni kidogo, jioni. Ukiona kingo za majani zimeliwa lakini mdudu haonekani, toka usiku na tochi. Viwavi vyembamba vinakula gizani na mchana vinafanana na vijiti. Vitoe kwa mkono au nyunyizia maji ya mwarobaini. Sioni sababu ya kununua sumu kali kwa ajili ya uzio.

Kuzalisha miche

Kata vipandikizi mwezi wa Machi mvua ikikaribia, kutoka tawi lililokomaa lenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, wenye vifundo vitatu au vinne. Ondoa majani, chomeka kwa kuinamisha kidogo kwenye mchanga uliochanganywa na makapi, vifundo viwili viwe chini, weka kivulini. Miezi miwili hivi, wakati mwingine mitatu. Usivute kuangalia kama kimeshika. Mizizi mipya ni laini kama uzi na ndiyo hiyo unayoikata. Zambarau ya kawaida hushika kirahisi. Zile zenye majani ya mabaka na zile zilizojikunja kama waridi ni sumbufu, ndiyo maana vitaluni zina bei ya juu.

Kwa anayeuza: uza mche ukiwa na rangi, na uwe mkweli. Aina nyingine hufunguka rangi ya chungwa na kumalizia waridi, na mteja asiyeambiwa atarudi kudai alibadilishiwa.

Uzio mzee ulio mtupu chini na msitu juu haufai kung'olewa. Mwisho wa Februari, kabla ya masika, kata nusu ya mashina hadi usawa wa goti na uache nusu nyingine ifunike boma. Mwaka unaofuata kata iliyobaki. Mashina yaliyokauka ndani, ambayo ukikwangua gamba huoni kijani, yatoe yote hadi chini, na yale machipukizi ya kwanza baada ya mvua uyachune ncha mapema, yakiwa bado mafupi, ili uzio ujae kuanzia chini.