Bahari Ikipwa Maji Huenda Wapi? Jinsi ya Kujua Saa za Maji kwa Kutazama Mwezi

Nenda ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam, saa 4 asubuhi, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Ngalawa zimelala ubavu, akina mama wameinama wakiokota chaza, na watoto wanacheza mpira mahali ambapo jana jioni mtu mzima angezama. Rudi saa 10 alasiri: uwanja umeshamezwa. Wapwa zangu wa Dodoma wakija likizo swali lao ni moja, "Mjomba, maji yalienda wapi?"

Hayakuingia ardhini. Yamevutwa kwingine. Mwezi huvuta upande wa dunia unaouelekea kwa nguvu zaidi kuliko upande wa nyuma, hivyo bahari huinuka pande zote mbili: chini ya mwezi, na kinyume chake. Dunia ikijizungusha, Dar es Salaam hupitia minuko hiyo miwili, ndiyo maana maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Jua nalo huvuta, ila nguvu yake haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, vyote viwili huvuta kwenye mstari mmoja tukapata bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Hapa kwetu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, maji yakawa mafu, yaani hayajai sana wala kupwa sana.

Sasa hesabu. Shika hili moja: siku za bamvua, Dar maji hujaa kama saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa 4. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao unasogea na dunia inachelewa kuufikia. Tuseme bamvua ilikuwa siku ya 2 tangu mwezi kuandama, nawe unataka kwenda ufukweni siku ya 6. Siku 4 mara dakika 50 ni saa 3 na dakika 20. Maji yatajaa kama saa 1 na dakika 20 jioni. Rudisha nyuma saa 6, utaona yamepwa kabisa kama saa 7 mchana. Ni makadirio, upepo mkali nao huyasogeza, lakini kwa kupanga matembezi yanatosha. Mvuvi anayetoka nje ya miamba atumie jedwali la saa za maji.

Hukumbuki tarehe ya mwezi? Tazama mchanga pembeni ya maji. Ukiona ukanda mpana uliolowa ambao mawimbi hayaufikii tena, yanapwa. Wimbi likilamba mchanga mkavu, yanajaa.

Ninalowasisitizia sana wapwa ni kasi. Maji hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza huwa kama yamelala, ila saa ya 3 na ya 4 baada ya kupwa huingia karibu nusu ya maji yote, na hupitia kwanza kwenye mabonde nyuma yako, kati ya fungu la mchanga lililo baharini na nchi kavu. Fungu linaweza kuwa kavu bado na njia imeshakatika. Kwa hiyo ukiwa na watoto kwenye fungu, geuka kurudi maji yanapofika mwisho wa kupwa, hata kama ndoo ya chaza haijajaa.