Somo: Taa ya kibuyu yenye jina la mtu

Taa hii ikizimwa ni kibuyu tu kilichokaa mezani. Ikiwashwa, ukuta unajaa nukta za mwanga, na katikati yake jina la uliyemkusudia. Ya kwanza nilimtengenezea dada yangu na nikaiharibu. Nitaeleza kwenye hatua ya tatu.

Vifaa: kibuyu kikavu, msumeno mwembamba, drili ndogo na biti za milimita 1.5, 3 na 5, msasa, penseli, kipande cha ubao, holda yenye waya na swichi, balbu ya LED ya wati 3 hivi, vanishi. Na barakoa. Msiidharau, vumbi la kibuyu linawasha koo na kifua vibaya sana.

1. Kitikise kibuyu. Kikilia chakacha, mbegu zimeachia ndani, kimekauka. Kikiwa kizito na kimya, kirudishe kikae, maana kukauka huchukua miezi. Kilicho tayari kifunike kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu hadi ukungu ulainike, usugue, kisha kianike.

2. Kata duara kitakoni, kijiko kipite. Toa mbegu, kwangua nyuzi zote. Uzi mmoja ukibaki, kivuli chake utakiona ukutani.

3. Kuchora jina. Mimi niliandika jina la dada kwa nje, safi kabisa, nikatoboa jioni nzima. Kuwasha, ukutani likasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo! Mwanga unatoka ndani, kwa hiyo ukuta unapata maandishi kwa upande wa ndani. Basi amua mapema: unataka lisomeke kwenye kibuyu au ukutani? Yote mawili kwa mpigo hayawezekani. Kwa ukutani, liandike kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, ilaze kifudifudi juu ya ganda, sugua mgongo wake kwa kijiko. Jina litahamia likiwa limegeuka tayari.

4. Kutoboa. Anza na biti ndogo kila mahali, ndipo upanue unapotaka mwanga mwingi. Acha milimita 5 au 6 kati ya tundu na tundu, ukibananisha ganda litapasuka. Biti ielekee pale balbu itakapokaa, kwa sababu ganda nene likitobolewa mshazari mwanga unakwama njiani. Herufi zenye mkunjo, kama S, zinataka subira. Mimi huweka nukta za miisho kwanza, halafu za katikati.

5. Piga msasa, paka vanishi mara mbili, nyembamba. Funga holda kwenye ubao, chonga mfereji wa kupitishia waya ili taa isiyumbe, kisha kivike kibuyu juu yake.

Maswali

Swali: Fundi, nina balbu ya kawaida ya wati 40, ile ya waya ndani. Naweza kuitumia?
Jibu: Hapana, ndugu. Umeme mwingi unaoingia mle unatoka kama joto, na kibuyu ni kitu kikavu kilichofungwa. LED tu.

Swali: Matundu yangu ni ya duara kabisa lakini ukutani vinatokea vistari vistari. Nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea kutoboa. Tundu dogo linafanya kazi kama kamera ya kisanduku, linachora ukutani umbo la kile kinachowaka. Balbu yako bila shaka ina vijiti vya mwanga vinavyoonekana. Tafuta yenye nukta moja ndogo ya mwanga. Ile yenye kioo cha maziwa itaondoa vistari, ila nukta zote zitafifia kingo.

Swali: Zawadi ni ya mtoto wa miaka 4, naogopa umeme.
Jibu: Una haki kuogopa. Tumia taa ndogo ya LED ya volti 5 inayochomekwa kwenye USB, na chaja yake ikae mbali na mikono yake. Mwanga ni hafifu kidogo, ila kwa chumba cha kulala unatosha.

Swali: Fundi, ganda limepasuka kati ya matundu mawili, nitupe?
Jibu: Usitupe! Lile vumbi la kutoboa lichanganye na gundi ya mbao mpaka liwe uji mzito, ziba ufa, subiri hadi kesho, piga msasa. Kisha toboa upya kwa biti ya 1.5, taratibu. Kwenye taa ya dada yangu kuna ufa wa hivyo karibu na herufi ya mwisho, na hajawahi kuuona.