Somo: Ukipatwa na mafua katikati ya programu ya kukimbia

Assalaam aleikum, wenzangu wa mbio za alfajiri hapa Lamu. Wiki hii watatu kati yetu wameshikwa na mafua, na wawili wameniambia wanataka kuja hivyo hivyo "wayatoe kwa jasho". Ndiyo maana naandika usiku huu.

Tuko wiki ya tano ya "Couch to 5K", ile programu ya kumfikisha asiyezoea kukimbia kwenye kilomita 5, wiki tisa, siku tatu kwa wiki, aliyoibuni Mmarekani Josh Clark mwaka 1996. Wiki hii ndiyo inayotisha watu, kwa sababu siku yake ya tatu ni dakika 20 mfululizo bila kutembea. Mtu aliyeanza na sekunde 60 anaona akisimama sasa yote aliyoyachuma yatamwagika. Hayamwagiki. Tufuate hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua unaumwa nini

Huku kwetu neno "homa" limebeba mizigo miwili. Anayechuruzika kamasi husema ana homa, na ambaye mwili unawaka naye husema ana homa. Kwa mkimbiaji hayo ni mambo mawili mbalimbali. Pima joto la mwili. Likifika nyuzi 38, habari ya kukimbia imekwisha, na kwa sisi wa pwani habari ya kukisia imekwisha pia: nenda ukapimwe malaria kabla hujajiambia ni mafua tu.

Kama joto halijapanda, tumia shingo yako kama mpaka. Pua kuziba, chafya na koo kuwasha kidogo viko juu ya shingo. Hapo unaweza kutembea taratibu ukijisikia. Makohozi, kifua kubana, viungo kuuma na tumbo kuharibika viko chini ya shingo. Hapo usikimbie kabisa. Jasho halitoi virusi mwilini. Virusi hivyo wakati mwingine hufika kwenye misuli ya moyo, na kuusukuma moyo uliovimba ni hatari ya kweli hata kwa kijana.

Nasema haya nikiwa nimeonja. Mwezi wa Mei mmoja, kusi likivuma, nilikimbia kuelekea Shela siku ya pili ya mafua na kifua kikikwaruza. Sikufika. Niliketi juu ya ukuta wa ufukweni nikikohoa mpaka machozi, na punda mmoja akanipita na mzigo wake wa mchanga. Mafua ambayo yangeisha kwa siku saba yalinilaza karibu wiki tatu.

Hatua ya 2: Simama, na usimame kweli

Lala mapema, kunywa maji, tangawizi na asali. Mafua ya kawaida huchukua siku saba hadi kumi. Usitulilie dawa za antibiotiki, haziui virusi. Na siku za mwanzo, tafadhali, usije kwenye kikundi hata kwa kutembea. Sisi ni watu wa kupeana mikono, na mafua husafiri mikononi.

Hatua ya 3: Hesabu mapigo ya moyo

Ukiamka, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Aliyezoea kuandika mapigo yake atajua mara moja: kama kwa kawaida ni 64 na leo ni 75, mwili bado uko vitani. Mimi husubiri mpaka yarudi karibu na kawaida asubuhi mbili mfululizo. Asiyejua kawaida yake aanze kuandika akipona.

Hatua ya 4: Jaribu ngazi za nyumbani

Nyumba zetu za mawe zimetupa kipimo cha bure. Panda ngazi mpaka darini kwa mwendo wako wa kawaida, kisha usome Alhamdu kwa sauti, aya zote saba, kila aya kwa pumzi moja. Asiye Mwislamu ahesabu kwa sauti mpaka 30. Ukikatika katikati au ukianza kukohoa, ngoja siku mbili ujaribu tena.

Hatua ya 5: Rudi nyuma kidogo

Umekosa siku tatu au nne? Rudia zoezi la mwisho ulilomaliza. Umekosa wiki nzima? Rudia wiki ya mwisho uliyoikamilisha. Ukikosa wiki mbili, rudi nyuma wiki mbili. Siku ya kwanza iwe nyepesi kuliko unavyojihisi, kwa sababu siku hiyo unajihisi vizuri mno.

Hatua ya 6: Tazama maji

Hili wengi hulisahau. Sisi hukimbia ufukweni, na maji ya bahari huchelewa kujaa na kupwa takriban dakika 50 kila siku. Ukilala wiki moja, saa ile ile uliyoacha maji yamepwa na mchanga umeshikana kama sakafu, sasa utakuta yamejaa. Utabanwa kwenye mchanga tifutifu wa juu, miguu inazama, na moyo utafanya kazi kubwa ghafla. Uliza mvuvi yeyote maji yanapwa saa ngapi, ndipo upange saa yako.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, nimekunywa dawa ya mafua ya dukani na najisikia mzima. Nije kesho?* (Mama wa Langoni)

Hapana, mama. Unayoisikia ni dawa. Nyingine huleta usingizi, na zile za kuzibua pua huweza kupandisha mapigo ya moyo na presha. Acha dawa iishe mwilini, upite siku nzima bila kuihitaji, kisha ujaribu ngazi.

*Mafua yameisha ila kikohozi kikavu kimebaki, hii wiki ya pili.*

Kikohozi cha mafua huweza kubaki hata wiki tatu. Kama hakina makohozi, huna joto na unalala vizuri, anza kwa kutembea dakika 20, kisha zoezi la wiki ya kwanza. Ukiona damu, jasho la usiku au mwili unakonda, usingoje kitu, nenda ukapimwe kifua kikuu.

*Mimi nina miaka 58 na nina presha. Kanuni ni hizi hizi?* (Mzee wa Mkomani)

Shikamoo, mzee wangu. Wewe ongeza siku mbili tatu juu ya zetu, na umwone daktari wako kabla ya kurudi. Dawa ya mafua usinunue kabla ya kumwambia mfamasia una presha. Na kifua kikiuma ukitembea, simama hapo hapo, uite mtu, upelekwe hospitali.

*Kaka, leo ni siku ya tisa sijakimbia. Pumzi niliyoijenga imekwenda?* (Kijana wa Shela)

Haijakwenda, mdogo wangu. Ndani ya siku kumi hupungua kidogo sana. Ni baada ya kama wiki mbili ndipo upungufu unaanza kuonekana. Ulimaliza wiki ya nne, kwa hiyo utaanza na hiyo: kimbia dakika 3, tembea moja na nusu, kimbia 5, tembea mbili na nusu, kisha 3, moja na nusu, na 5 za mwisho. Nitakuwa nawe. Kama kesho na keshokutwa mapigo yako yako sawa na ngazi umezipanda bila kukohoa, nipigie usiku, twende pamoja maji yakipwa.