Unataka kusaidia kikundi cha watu wenye ulemavu mtaani kwako? Anza hivi

Jamani mwaka jana tulienda kwenye kikundi kimoja Mbagala wanashona vikoba na mashuka, nikaona kwenye kona cherehani mbili za miguu mpya kabisa zimefunikwa kanga, nikauliza mbona hazitumiki, mama mmoja akanijibu kwa upole tu, "mwanangu, mimi na huyu mwenzangu miguu haifanyi kazi." Waliozileta walipiga picha wakaondoka. Kilichotakiwa ni kufunga mota na swichi ya kubonyeza kwa mkono au kiwiko, basi.

Kwaiyo kabla hujanunua chochote nenda ukakae nao hata nusu siku, waulize kazi inakwama wapi. Kama kuna kiziwi tafuta mkalimani wa lugha ya alama, usiongee na aliyemsindikiza ukamwacha mwenyewe anakuangalia. Na ukiwaita kikao mjini toa nauli ya bajaji kwenda na kurudi maana mwenye kiti cha magurudumu daladala inamwacha kituoni.

Vikundi vyenyewe muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata, au pitia SHIVYAWATA, ndo shirikisho la vyama vyao, wamo CHAVITA ya viziwi, TLB ya wasioona na wengine.

Alafu hili wengi hawalijui kabisa. Halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Yani hela ipo ila makaratasi ndo yanawakwamisha, mara katiba ya kikundi, mara muhtasari wa kikao, akaunti ya benki, andiko la mradi, na maombi yenyewe yanajazwa mtandaoni. Ukikaa nao jumamosi mbili na laptop yako mkaandika andiko pamoja umefanya kazi kubwa sana, ila wekeni bei za ukweli za vitambaa vya Kariakoo za wiki hiyo maana mkopo unarudishwa.

Ukinunua bidhaa zao lipa bei waliyotaja, na zipu ikiwa mbovu waambie warekebishe kama ungemwambia fundi mwingine. Una kampuni ya watu 20 na kuendelea? Sheria ya 2010 inataka angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wawe watu wenye ulemavu, kwaiyo usiishie kwenye vikoba.

Zile cherehani tulichangishana tukafunga mota zote mbili. Yule mama sasa hivi anashona sare za shule, anasema Januari hawalali.