Jinsi ya kuomba ruzuku ya serikali ya kukarabati jengo la kihistoria Marekani: mwongozo kwa vyama vyetu vya jamii

Vyama vingi vya wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, wawe ni Wakongomani, Warundi, Watanzania au Wakenya, vimeanza kununua majengo katika miji midogo, na majengo ambayo bei yake tunaimudu kwa kawaida ni yale makuukuu: duka la ghorofa lililofungwa, shule iliyohamwa, ukumbi wa chama ambacho wanachama wake wamekwisha kufa. Letu ni la matofali, lina ghorofa mbili, lilijengwa mwaka 1908, na tulipolinunua paa lilivuja kiasi kwamba ndoo zilihesabiwa miongoni mwa samani. Mimi nilikuwa katibu wakati tulipoomba ruzuku ya kulikarabati. Tuliipata, lakini kwa duru mbili za maombi badala ya moja, yaani mwaka mzima tuliuchoma kwa makosa ambayo msomaji wa mwongozo huu hana sababu ya kuyarudia.

Ni vyema kwanza kujua fedha zinatoka wapi, kwa sababu hilo ndilo linaloamua mlango wa kubisha. Sheria ya Taifa ya Uhifadhi wa Kihistoria ilipitishwa mwaka 1966, na mwaka 1976 ukaanzishwa Mfuko wa Uhifadhi wa Kihistoria, ambao hautegemei kodi ya mapato bali malipo ya kampuni zinazochimba mafuta na gesi baharini. Sheria iliutengea mfuko huo dola milioni 150 kwa mwaka, ila kutengewa si kupewa: kila mwaka Bunge ndilo linaloamua ni kiasi gani kitolewe. Idara ya Hifadhi za Taifa huzigawa fedha hizo kwa majimbo, na kila jimbo lina Ofisi ya Uhifadhi wa Kihistoria ambayo lazima ipitishe angalau asilimia 10 ya mgao wake kwa serikali za mitaa zilizothibitishwa kushiriki katika mpango huu. Kwa chama kidogo, basi, maombi hayaendi Washington. Yanaenda jimboni, au manispaa iombe kwa niaba yenu. Swali la kwanza la kumwuliza karani wa mji ni kama mji wenu umethibitishwa. Wetu ulikuwa umethibitishwa kwa miaka mingi, na karani wa kwanza tuliyemwuliza alisema hajapata kusikia jambo hilo. Wa pili alilitoa faili kabatini lililokuwa nyuma ya kiti cha yule wa kwanza.

Baada ya hapo hakikisheni kwamba jengo limo katika Rejesta ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, ama kwa jina lake lenyewe ama kama jengo linalochangia thamani ya mtaa ulioorodheshwa. Kwa kawaida jengo hufikiriwa likishatimiza miaka 50, lakini umri peke yake hautoshi. Ombeni uthibitisho kwa maandishi, kwa kuwa ramani za mitaa ya kihistoria zina tabia ya kupita katikati ya barabara na kuliacha jengo lenu upande usiofaa. Kama halimo, ruzuku ya ujenzi isubiri, na muanze kazi ya kuliorodhesha, ambayo ni safari nyingine ndefu. Wanachama wetu waliogopa kwamba kuorodheshwa kungetuzuia hata kupaka rangi. Si kweli: mwenye mali binafsi anayetumia fedha zake mwenyewe hazuiwi na Rejesta ya Taifa. Vizuizi huja na kanuni za mji, kama zipo, au na fedha za serikali mnapozikubali.

Sasa nije kwenye madirisha, ambayo ndiyo yaliyotugharimu.

Jengo lilikuwa na madirisha 11 ya mbao upande wa barabarani. Yalikuwa ya mtindo wa kupandisha na kushusha, kila moja na kamba iliyopita juu ya kapi ndogo na kushikilia uzito wa chuma uliofichwa ndani ya ukuta. Kamba nyingi zilikuwa zimekatika, rangi ilikuwa ikimenyuka kama ganda la kitunguu, na upepo wa Januari uliingia bila hodi. Mwenyekiti wetu alipata bei nzuri ya madirisha ya plastiki, tukachangishana, na kwa Jumamosi mbili tukayang'oa manne na kuweka mapya. Tulipiga picha tukitabasamu. Picha hizo hizo ndizo tulizoziambatisha katika maombi ya ruzuku miezi mitano baadaye, tukidhani tunaonyesha bidii.

Maombi hupimwa kwa Viwango vya Ukarabati vya Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye huku ndiye anayesimamia hifadhi za taifa; viwango hivyo ni kumi, na cha sita kinasema kwa maana yake kwamba kilichochakaa kitengenezwe badala ya kubadilishwa, na kama uchakavu umezidi hata kubadilisha kukawa lazima, basi kipya kifanane na cha zamani kwa umbo, rangi, sura na, inapowezekana, kwa malighafi. Dirisha la plastiki halifikii hata nusu ya sharti hilo. Maombi yetu yalirudi na maelezo ya ukurasa mmoja na nusu, ya adabu kabisa, yakieleza kwamba mradi hauwezi kupendekezwa hadi upande wa mbele ushughulikiwe, na kwamba fedha tulizokwisha kutumia hazihesabiki, kwa sababu gharama za kabla ya mkataba hazilipwi. Madirisha manne tuliyoyang'oa yalikuwa yamekwisha kwenda jalalani. Tulilazimika kumtafuta seremala wa kuyachonga upya kwa kuiga yale saba yaliyobaki, na kila moja liligharimu zaidi ya mara tatu ya lile la plastiki. Seremala huyo ndiye aliyetueleza kwamba mbao za zamani zilitoka kwenye miti iliyokua polepole, na pete zake zimebanana kiasi kwamba zikitunzwa zinaweza kuishi karne nyingine.

Kwa hiyo hatua ya kweli ya kwanza, kabla ya fomu yoyote, ni kutogusa kitu. Funikeni paa kwa turubai, zuieni maji, zibeni mashimo ya njiwa, kisha msubiri. Someni miongozo mifupi ya kiufundi ambayo Idara ya Hifadhi za Taifa huitoa bure. Namba 9 inahusu madirisha ya mbao na namba 2 inahusu viungo vya matofali. Hiyo ya pili ilitukuta na mwalimu wetu wenyewe. Mkandarasi aliyekuja kutupa makadirio ya bei alipanga kukwangua viungo vyote na kuvijaza simiti ngumu. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa mwashi Mombasa kabla ya kuwafuata wanawe huku, alisogea ukutani, akachokonoa kiungo kwa ufunguo wa nyumba, akausugua unga ule kati ya vidole na kusema, "Hii si simiti, mwanangu, hii ni chokaa. Ukiitia simiti, litakalokufa ni tofali." Ndivyo mwongozo namba 2 unavyoeleza kwa maneno mengi zaidi: tofali la zamani ni laini, unyevu hutoka kupitia kiungo, na kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, unyevu hutafuta njia kupitia tofali lenyewe, kisha baridi ikiugandisha, uso wa tofali hubanduka. Tuliiandika hoja hiyo katika maombi ya pili, na wapimaji waliitaja kama nguvu ya mradi.

Kuhusu usajili, kila chama kinachopokea fedha za serikali kuu kinahitaji namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, ambayo tangu Aprili 2022 hutolewa na SAM.gov, tovuti ya usajili ya serikali kuu. Hapa kuna jambo ambalo lingetuokolea majuma sita kama tungeuliza mapema: chama kinachopata ruzuku kupitia jimbo, badala ya kuipata moja kwa moja kutoka Washington, kinahitaji namba hiyo tu, si usajili kamili wenye maswali ya benki na vyeti visivyoisha. Sisi tulifanya usajili kamili, tukakwama katika uhakiki kwa kuwa hati yetu ya usajili jimboni ilikuwa na neno moja ambalo halikuwamo katika barua ya msamaha wa kodi, na anwani tuliyoandika ilikuwa ya sanduku la posta, ambayo haikubaliki. Jina liwe lile lile, herufi kwa herufi, katika kila hati. Na mkipigiwa simu na kampuni inayosema usajili wenu unakaribia kufutwa isipokuwa mlipe, kateni simu. Huduma hiyo ni bure. Mweka hazina wetu alikwisha kutoa namba ya kadi kabla hajanipigia.

Fomu yenyewe sitaieleza sana. Ina maelezo ya jengo, historia yake, mpango wa kazi, bajeti na picha. Picha zipewe namba na zioneshwe kwenye ramani ya sakafu, kwani mpimaji hajafika kwenu na hajui kushoto ni wapi.

Bajeti ndiyo inayowaangusha wengi. Jimbo letu lililipa asilimia 60 na kutaka sisi tutoe 40, na mchango huo usiwe fedha nyingine za serikali kuu. Kazi ya dola 50,000 ikamaanisha ruzuku ya dola 30,000. Lakini ruzuku hiyo haitangulii: fundi analipwa na chama, ankara na hundi zilizolipwa zinapelekwa jimboni, kisha mnarejeshewa, kwa muda ambao mtumishi mmoja aliuita "majuma machache" na kalenda yetu ikauita miezi mitatu. Chama kisichokuwa na akiba kipange mkopo wa muda kabla ya kuomba. Upatu wa kina mama ndio uliotuvusha, na katika vikao vyetu hakuna anayeruhusiwa kulisahau hilo. Saa za kujitolea nazo huweza kuhesabiwa kama mchango, mradi kila mtu asaini karatasi ya tarehe, saa na kazi aliyofanya, na kazi hiyo iwe imefanywa ndani ya muda wa mkataba. Jumamosi zetu zote za kuzoa vifusi kabla ya hapo zimebaki thawabu.

Mkishapewa barua ya pongezi msianze kazi. Subirini mkataba uliosainiwa na pande zote, pateni makadirio kutoka kwa makandarasi kadhaa kwa utaratibu wa ushindani mtakaoelekezwa, na mwitayarishe bodi kusaini mkataba wa hifadhi, unaosajiliwa pamoja na hati ya ardhi na kumfunga mmiliki kwa miaka kadhaa kulingana na ukubwa wa ruzuku. Wakili ausome. Wajumbe wetu wawili waliusoma siku ya kusaini, na kikao kilichopangiwa nusu saa kilimalizika saa nne usiku.

Jambo la mwisho ni utetezi, ambalo tulilidharau tukidhani ni la Wamarekani wenyewe. Mwaka 2025 fedha za majimbo zilichelewa kutolewa kwa miezi, huku bajeti iliyopendekezwa na Ikulu ikitaka kuufuta mfuko karibu wote, na hapo tulielewa kwamba foleni tuliyokuwa tukiilalamikia ingeweza kutoweka pamoja na dirisha lake. Haki ya kumwandikia mbunge haimdai mtu uraia; kuishi katika jimbo lake la uchaguzi kunatosha. Chama cha hisani kinaruhusiwa kushawishi kuhusu sheria kwa kiasi, mradi kisitumie fedha za ruzuku kufanya hivyo na kisimpigie debe mgombea yeyote. Kila mwaka mwezi Machi watetezi wa uhifadhi hukusanyika Washington kuwaona wabunge, lakini nauli si lazima. Sisi tulimwalika msaidizi wa mbunge anayekaa ofisi ya wilayani, tukampandisha ghorofani, tukamwacha afungue dirisha mwenyewe kwa kidole kimoja, uzito ukishuka ndani ya ukuta kwa mlio wake. Alirudia mara tatu. Barua ya mwaliko ipelekwe majuma sita kabla, iambatane na picha mbili, na mwenye ufunguo afike dakika kumi kabla ya mgeni, maana kitasa chetu cha 1908 bado hakipendi baridi.