Maboksi ya marehemu profesa: namna ya kupanga nyaraka za mwanasosholojia

Simu ya kuniita nipange nyaraka huwa inapigwa baada ya arobaini. Familia inakitaka chumba, na chumbani kuna maboksi ya sabuni yaliyojaa karatasi za miaka 30 au zaidi. Mzigo wa mtu wa sosholojia una ugumu wake. Sehemu ni mambo yake mwenyewe, na sehemu ni maneno ya watu waliompa kigoda, wakakaa wakamjibu maswali. Hiyo ya pili ndiyo inayoumiza kichwa.

Hatua ya 1: Usiguse kitu, piga picha

Kabla hujahamisha hata karatasi moja, piga picha rafu, meza, droo, mpaka sakafu. Lipe kila boksi namba, uandike lilikuwa wapi.

Hapa ndipo nilipoboronga kazi yangu ya kwanza. Nilikuta barua zimechanganyika na tiketi za basi na majina ya wanafunzi. Nikaona fujo, nikashinda siku nzima nazipanga kwa alfabeti. Jioni mjane akaniuliza, "Mwanangu, zile za Dodoma umeziweka wapi?" Kumbe kila bunda lilikuwa safari moja ya uwandani: tiketi, kibali cha wilaya, na barua zilizomfikia akiwa huko. Barua nyingine hazikuwa na tarehe, tiketi ndiyo iliyokuwa inazitolea ushahidi. Sikuweza kuyarudisha yale mabunda. Tangu siku hiyo sipangi kitu mpaka nijue mwenyewe alipangaje.

Hatua ya 2: Andikishaneni

Hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja inatosha: nani anatoa, anatoa nini, na nini kinarudi nyumbani (vyeti vya hospitali, barua za ndoa). Waeleze pia kwamba karatasi ni mali ya aliyeipokea, ila hakimiliki ya maneno inabaki kwa aliyeyaandika. Barua aliyotumiwa profesa huwezi kuichapisha kwa ruhusa ya familia yake peke yake.

Hatua ya 3: Safisha

Toa pini, klipu za chuma na mipira ya kufungia. Kutu inakula karatasi, na mpira ukizeeka unagandia. Futa vumbi kwa brashi laini. Ukiandika juu ya jalada, tumia penseli, kalamu ya wino iache mlangoni. Karatasi za faksi zitoe nakala leo hii, maana zinafifia mpaka zinabaki nyeupe. Selotepu usibandike, laminesheni ndiyo kabisa usithubutu. Maboksi yakae juu ya rafu ya chuma, mbali na ukuta. Mchwa hawajui cheo cha mtu.

Hatua ya 4: Tafuta mafungu

Kwa mfano mzuri, angalia nyaraka za W.E.B. Du Bois, aliyefundisha sosholojia Atlanta na kufariki Accra mwaka 1963. Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, kilizinunua mwaka 1973 kutoka kwa mjane wake, Shirley Graham Du Bois, na leo unazisoma bure mtandaoni. Utaona barua zina fungu lake, hotuba lake, makala lake, picha lake. Barua zake zina pande zote mbili, alizopokea na alizotuma. Kwa hiyo zile nakala za kaboni, karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu, usizitupe ukidhani ni marudio. Mara nyingi ndizo pekee zinazoonyesha profesa mwenyewe alijibu nini.

Hatua ya 5: Dodoso na madaftari ya uwandani

Hapa usiwe na haraka. Chukua dodoso la mwaka 1975, limepigwa stensili, juu kuna namba 014. Swali: nyumba yako ya zamani iko wapi? Jibu, kwa mwandiko wa msaidizi wa utafiti: "Ilivunjwa. Mgambo." Ilikuwa miaka ya Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijijini, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri. Aliyejibu alimwamini mgeni wa chuo kikuu, na yawezekana yuko hai. Au mtoto wake ndiye jirani wa mtoto wa yule mgambo.

Sasa chini ya boksi hilohilo kuna bahasha, ndani yake orodha: 001 fulani, 002 fulani, mpaka 014. Huo ndio ufunguo wa majina, namba ipi ni ya nani. Utoe, uweke kwenye jalada la peke yake, kabati lenye kufuli, na kwenye dodoso acha kikaratasi kinachosema umehamishiwa wapi. Usiuchome, ahadi ya siri waliyopewa waliojibu haikusema uchomwe, na kesho wajukuu wanaweza kuja kutafuta sauti ya babu yao. Kwa Tanzania soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa Kenya ile ya 2019. Alama za wanafunzi nazo zifungie.

Hatua ya 6: Kaseti

Vunja vile vijipande viwili vya plastiki kwenye ukingo wa nyuma, mtu asije akarekodi taarabu juu ya mahojiano. Nakili kwenye kompyuta kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, kilohezi 48 kwenda juu. MP3 ni ya kusikilizia tu.

Hatua ya 7: Andika orodha

AtoM, programu ya kompyuta ya kuorodhesha nyaraka, ni ya bure, lakini daftari la mistari nalo linafaa kuanzia. Shuka kutoka mkusanyo mzima hadi fungu, kisha jalada. Usiorodheshe karatasi mojamoja, utazeeka. Jalada moja liandikwe hivi:

*Fungu 3, Jalada 12. Dodoso za kaya, 1975. Kurasa 84, Kiswahili, stensili, majibu kwa mkono. Zilikutwa na tiketi mbili za basi, zimeachwa humohumo. Ufunguo wa majina: Jalada 12A, limefungwa.*